Tope la Oeds

Wommels, 11 Januari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Unapata usingizi? Sisi hatujambo. Mama mafua yamempungua, nami ni mzima ila baridi tu. Mfereji wa nyuma ya nyumba umeanza kushika barafu, lakini bado hauchukui uzito wa mtu.

Nakuandikia kwa Kifrisia chetu cha nyumbani kama ulivyotaka. Mwalimu wa Kiholanzi anasema insha zangu ni nzuri, ila mwenyewe sisikiki darasani. Kwenye simu nako unanijua, nashika, nasikiliza, napumua. Kwa hiyo waliponyang'anya simu yako hapo kliniki ya kuacha pombe mimi sikusikitika sana, nisamehe. Kwenye barua nina mdomo.

Nina habari, na usikasirike mpaka umalize kusoma. Nimeweka tangi la samaki. Si kubwa kama lile lako. Oeds wa chama chenu cha wafugaji samaki alikuwa nalo ghalani, dogo, la mimea zaidi kuliko samaki. Tumeliweka palepale dirishani, juu ya ile alama ambayo Mama amesugua na kusugua sakafuni ikakataa kutoka.

Nilidhani Mama atakataa. Tangu siku yake ya kuzaliwa, ile ya Oktoba, hajatamka neno samaki, na hapo ana haki, Baba. Wageni wote wamekaa kwa duara, keki magotini, wewe unainuka kumwimbia, unayumba, unaegemea kioo cha tangi. Mara maji yote kwenye viatu vya watu, samaki wanarukaruka chini ya viti, na Shangazi Tryntsje kapandisha miguu juu anapiga kelele, "Rinse, we mlevi, kuna kitu kinatembea kwenye soksi yangu!" Kijiji kizima kimelicheka hilo. Mama hakucheka. Mimi sijui kama nilicheka, nilikuwa nimepiga magoti naokota.

Safari hii Mama alisema tu, "Tone moja likigusa sakafu, linaondoka." Sikumwuliza ni nini kitakachoondoka, tangi au tone.

Nimeweka udongo wenye rutuba chini, mchanga juu, kigogo kushoto. Nimejaribu kupanda ule mtaa wako wa mimea mifupi, unaoanzia mbele na kupanda kwenda nyuma kama ngazi. Wangu umepinda. Lakini maji yanang'aa sana! Niambie nitie samaki lini. Wale kambare wadogo watano waliopona bado wako kwa Oeds, na yule uliyemwita Mchungaji yumo.

Mama hakutuma salamu, lakini stempu amenipa yeye.

Mwanao,
Fardau


Drenthe, 19 Januari

Mwanangu Fardau,

Salamu kutoka huku kwenye misonobari, ambako kila mtu anakuuliza unajisikiaje na anangoja jibu kweli. Mimi sijambo. Wewe, je? Kikohozi cha kila Januari kimekuja au kimekusahau? Chumbani nimewekwa na bwana mmoja wa Twente, Harm, anakoroma kama trekta iliyokwama. Mchana kutwa tunaongea Kiholanzi, nami nikiongea mambo ya moyoni kwa Kiholanzi najiona kama mtu aliyevaa viatu vya jirani. Barua yako niliisoma bafuni, kwa Kifrisia, kwa sauti.

Sasa nisikilize vizuri. Maji kung'aa si hoja. Maji yanayong'aa yanaweza kuua.

Samaki anakojoa humohumo anamoishi. Kojo hilo linakuwa amonia, na amonia ni sumu. Kuna vijidudu vinavyoila, lakini vikiila vinaacha nitriti, sumu vilevile, tena haina rangi wala harufu. Kisha vinakuja vijidudu vya aina nyingine, vinaila hiyo nitriti na kuacha kitu ambacho mimea yako itakishangilia. Vyote hivyo vinakaa kwenye sponji ya chujio, ndani ya lile tope la kahawia. Havilazimishwi kuja. Vinakuja vinapotaka, vikikuta chakula.

Basi vilishe. Kila asubuhi tia chembe ya chakula cha samaki kwenye tangi tupu, kioze. Ndiyo, unalisha samaki wasiokuwepo. Mama yako atasema nimekuambukiza wazimu. Pima maji kwa dawa ya Oeds. Siku nitriti itakapopanda halafu ikashuka mpaka isionekane, hapo ndipo utie samaki.

Na sponji haioshwi. Ikiziba, ikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba, hapana. Sabuni sitaki hata kuiandika.

Wanasema nikiendelea hivi nitatoka mwishoni mwa Machi. Nitoke niende wapi, hilo ni la mama yako. Sijamwuliza. Sina ujasiri. Nawe usimwulize, ila ukisikia lolote, hata kikohozi, niandikie.

Baba yako


Wommels, 16 Februari

Baba mpendwa,

Hujambo? Harm naye? Sisi tuko salama.

Oeds alikuja Jumamosi na kopo la tope. Alikamua sponji ya tangi lake na kulileta kwa baiskeli bila kifuniko, ili vijidudu vipumue, koti lake lote limerukiwa. Anasema chamani kwenu ndiyo zawadi ya mtu anayeanza, na kwamba wewe ulipoanza ulipewa na baba yake. Kwa hiyo tope lile ni la ukoo, sivyo?

Mama alimfungulia mlango, akatazama kopo.

"Oeds, hicho ni nini?"

"Uhai, Baukje."

"Uhai wako unanuka kama mtaro."

"Nawe mtoto wako alipozaliwa alinuka nini, maua?"

Mama alimpa kahawa na biskuti moja. Halafu, Baba, akamwongezea ya pili! Oeds mwenyewe alishtuka.

Natia chembe kila asubuhi. Nitriti imepanda, chupa ya kupimia inageuka rangi kama ulimi wa paka. Kinachonitisha ni mimea. Inayeyuka. Majani yanalegea, yanageuka kama makamasi, mtaa wangu umebaki vijiti. Nimeharibu nini? Nikitoka shule nakaa mbele ya tangi nalitazama likifa na siwezi kumwambia mtu. Mama anapita nyuma yangu na kikapu cha nguo, polepole.

Juzi alisema, akikunja shuka, "Baba yako alikuwa na subira na mimea kuliko na watu." Sijui kama hicho ni kikohozi au ni neno. Nakuletea kama kilivyo.

Mwanao,
Fardau


Drenthe, 27 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimeamka vizuri tangu nisome barua yako.

Hujaharibu kitu. Mimea ile ililelewa nje ya maji. Majani ya hewani hayawezi kuishi majini, lazima yaoze kwanza ndipo yatoke mengine. Usiing'oe. Tazama katikati, penye kidole cha kijani.

Kuhusu lile neno la mama yako, ni kweli. Nimelisoma mara nyingi. Harm anasema nilibandike ukutani.

Nimepewa ruhusa ya siku moja, Jumamosi ya tarehe 22 Machi. Nimemwandikia mama yako barua yake mwenyewe, mistari mitatu, kuomba nije kunywa kahawa. Kahawa tu. Kama atakataa, usimlaumu.

Baba yako


Wommels, 16 Machi

Baba!

Hujambo, hujambo? Sisi hatujambo kabisa.

Amesema ndiyo. Hakusema "ndiyo", alisema, "Basi itabidi mapazia yafuliwe." Lakini ndiyo hiyo.

Nitriti imekwisha. Nimepima asubuhi, nimepima jioni, haipo. Mtaa umerudi, majani mapya membamba, ya kijani kibichi. Oeds akawaleta wale watano kwenye ndoo, akawaachia taratibu. Mchungaji alishuka moja kwa moja mpaka mchangani, akainamisha kichwa kama zamani, kama anaongoza sala. Mama alisimama nyuma yetu na kitambaa cha sahani.

"Huyu ndiye aliyekuwa kwenye soksi ya Tryntsje?"

Oeds akamwambia, "Ndiye. Na hajawahi kuwa mzima tangu siku hiyo."

Mama alicheka, Baba. Alijifunika mdomo kwa kitambaa, lakini nilisikia.

Njoo na basi la asubuhi. Tutakuwa na mkate wa sukari.

Mwanao,
Fardau


Wommels, 25 Machi

Baba,

Hujambo? Sijui kama uko hapo. Kliniki walipiga simu Jumapili kuuliza kama ulilala kwetu. Mama alijibu hapana, akabaki ameishika simu. Naituma barua hii kwa anwani ileile, labda umesharudi.

Nataka ujue yaliyotokea kabla hujabonyeza kengele.

Alhamisi Mama aliomba ruhusa kazini. Alifua mapazia, akaosha madirisha ndani na nje, akasugua hata kibao cha viatu. Niliporudi shule nyumba nzima ilinukia sabuni. Aliniita, mikono myekundu kwa maji ya moto.

"Njoo uone. Nimelifungua na lile chujio lako. Fardau, uchafu uliokuwamo humo! Sasa sponji nyeupe kama theluji."

Alikuwa na furaha, Baba. Tangu Oktoba hakuwahi kuligusa tangi hata kwa kidole, na siku alipoligusa alifanya hivyo. Ilikuwa zawadi yake kwako. Nami nilinyamaza, kama darasani. Nikakimbia kwa Oeds, jirani akasema amekwenda kwa binti yake. Ijumaa nilitoa maji kwa ndoo na kutia mengine, tena na tena, Mama akasema, "Mbona unahangaika, si pasafi?" Jumamosi asubuhi watatu walikuwa wamekufa, na Mchungaji amelala ubavu.

Mengine uliyaona. Lakini nayaandika, maana huenda unayakumbuka vingine.

Uliingia na maua kwenye karatasi, ukaenda moja kwa moja kwenye tangi, na koti lako. Ukainua sponji. Ukauliza, "Nani kaosha?" Nikasema, "Mimi." Mara ya kwanza maishani nimejibu kitu upesi, na kilikuwa uongo. Mama alikuwa mlangoni na kikombe chako. Alitazama sponji, akatazama samaki, nikaona usoni mwake anaelewa. Akasema, "Si yeye. Ni mimi."

Nawe ukasema, "Nilipaswa kujua. Wewe unaosha kila kitu mpaka kife."

Mama aliweka kikombe mezani. "Kahawa yako hiyo," akapanda juu.

Ukaniambia mimi, "Sikumaanisha." Kwa nini uliniambia mimi, Baba? Ngazi ilikuwa pale. Halafu ukasema unatoka kupata hewa, ukaacha maua juu ya kifuniko cha tangi.

Kuna kitu kimoja hukukiona. Kwenye kulabu za koti pale mlangoni, Mama alikuwa ametoa vitu vyake kwenye ile yako ya mwisho. Aliiacha wazi tangu asubuhi. Hukuiona kwa sababu hukuvua koti.

Niandikie. Nitasema umeandika, au sitasema, utakavyotaka.

Mwanao,
Fardau


(Kadi ya posta, picha ya bandari, haina anwani ya kurudishia)

30 Aprili

Fardau mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Sitaki kukudanganya kwamba ni mzima. Mchungaji vipi? Usinitafute huku, hapafai.

Baba yako


Wommels, 15 Juni

Baba mpendwa,

Salamu. Siulizi hali, kwa sababu huwezi kunijibu, lakini ujue nauliza.

Barua yangu ya Machi ilirudishwa na kliniki haijafunguliwa. Nimeiweka ndani ya hii. Uisome kwanza ile. Bahasha nampa Oeds, maana amesema wiki iliyopita ulisimama barabarani ukitazama tangi lake kupitia dirishani, na alipoinuka kufungua mlango ulikuwa umeshaondoka. Amesema umekonda. Amesema ukipita tena atatoka mbio na soksi tu miguuni.

Ulimwulizia Mchungaji. Alikufa ile Jumapili, yeye na mwenzake wa mwisho. Mama alikuwa amemtia kwenye ndoo ya maji safi, akakaa naye jikoni, mikono ya sweta imelowa mpaka viwiko. Baadaye aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia Alhamisi?" Nikamwambia, "Ulikuwa umefurahi." Aliwazika yeye mwenyewe karibu na uzio, wote watano kwenye kopo la biskuti.

Nilidhani tangi litaondoka. Nilishaandaa ndoo za kulikausha. Lakini baada ya wiki moja Mama alichukua baiskeli akaenda kwa Oeds peke yake. Alirudi na kopo la tope mkononi, bila kifuniko, koti lake la kanisani limerukiwa kifuani. Oeds alikuwa nyuma yake anapiga kelele barabara nzima, "Baukje, safari hii usilipige pasi!" Alilimimina mwenyewe kwenye chujio. Aliniuliza pa kumimina, na nilimwambia, kwa sauti.

Mimea imejaa sasa. Mtaa umenyooka karibu kama wako. Nitriti haipo, imekwisha tangu Mei. Oeds amekuja mara mbili na ndoo ya samaki wadogo, na mara zote Mama amemwambia, "Bado." Oeds akamweleza kwamba tangi bila samaki vijidudu vitakufa njaa, tutarudi mwanzo.

"Najua," Mama akasema.

Anajua kwa sababu barua yako ya Januari anayo yeye. Nilimpa.

Kila asubuhi, kabla hajaweka maji ya kahawa, anakwenda dirishani na nguo zake za kulalia, anafungua kile kikopo cha chakula cha samaki, anatia chembe moja. Anasimama mpaka izame. Kisha anapita kwenye kulabu za makoti kwenda jikoni. Yake yote anayatundika upande huu; kulabu ile ya mwisho bado iko wazi.

Mwanao,
Fardau