Baba, Wamenichukua kwa Sharti Moja

Baba,

Wamenichukua. Barua ya chuo ilifika Alhamisi, nikaisoma kwenye simu nikiwa stafurumu pamoja na walimu wenzangu, kisha nikaingia darasani kufundisha Kidato cha Tatu. Ni shahada ya pili ya uinjinia wa maji. Sharti ni kwamba mwaka wa kwanza nikae na wanafunzi wa digrii ya kwanza, nisome michoro ya kiinjinia, nguvu za vifaa na mwendo wa maji kwenye mabomba. Aliyesoma fizikia, wanasema, ana mapengo.

Nianze na habari za nyumbani. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Mama bado yuko Werugha, hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu. Ng'ombe ni wawili sasa. Tuta la chini la shamba lilibomoka kwa mvua, mwanao Mwakio akaja kutoka Voi akalijenga upya, si vizuri sana. Spana zako alizichukua yeye. Sikumpinga, anazitumia.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia, nalo nitaliandika upesi. Siku ya sherehe yangu ya kuhitimu ulisimama mbele ya wageni ukasema, "Huyu ndiye injinia wetu." Nami nikakukatiza: "Baba, mimi si injinia. Nimesoma fizikia." Ukasema, "Haya, nimesahihishwa," ukaketi. Watu wakacheka. Hukuwa umekosea sana. Uinjinia ndio niliouomba, alama zikapungua kidogo, nikapewa fizikia. Nilikasirika kwa sababu uligusa penye kidonda. Lakini nilikuaibisha nyumbani kwako, mbele ya wazee wa kanisa. Naomba unisamehe. Ningekuomba ukiwa hai, nikawa naahirisha, nikidhani nafasi ipo.

Sasa habari ya Kasigau, huku ninakofundisha. Hili unalijua, ila nataka kukuambia jinsi nilivyoliona mimi.

Ule ukame ndovu waliponusa maji wakalifukua bomba la kijiji na kulivunja, kamati ya maji ilikuja shuleni. Mwenyekiti, Mama Saru, akaniuliza, "Si wewe ndiye mwalimu wa fizikia?" Nikakubali haraka kuliko ilivyofaa. Nilipiga hesabu wiki nzima: kimo cha chemchemi mlimani, urefu wa bomba, shinikizo. Nikachora njia mpya inayopita mbali na njia ya ndovu, juu ya kile kilima cha mawe. Watu walichimba mtaro siku kumi na mbili. Siku ya kufungulia maji walikuja na madumu, hata wale wazee wasiotoka. Maji yalikuja kidogo, yakakohoa, yakakata. Kisha kiungo kimoja kikapasuka. Hakuna aliyenitukana. Walibeba madumu matupu wakaenda zao, na Mama Saru akaniambia, "Pole, mwalimu." Afadhali angenitukana.

Nilikupigia simu. Sikukuomba uje, nilikuambia tu. Siku iliyofuata ukashuka kutoka Werugha, mguu umeshaanza kuvimba kwa ile sukari, na mfuko wa vyombo begani. Ulitembea na bomba lote, polepole, mpaka tulipofika juu ya kilima. Pale ukagonga bomba kwa spana, ukasikiliza, ukagonga tena.

"Hesabu zako ziko sawa," ulisema. "Umesahau hewa. Imekwama hapa juu, maji yanasukuma na hayana pa kupita."

Ukakata bomba, ukaweka vali ya kutolea hewa. Ikatoa mlio mrefu kama mtu anayepumua baada ya kupanda mlima. Jioni maji yalikuwa yakitiririka kijijini. Tulipokuwa tunashuka ukaniambia, "Fizikia yako imebakiza kipande kidogo. Nenda ukakimalizie." Miezi mitatu baadaye ulikuwa umekwenda.

Mara ya kwanza nilipoomba chuo walinikataa kwa mistari miwili. Mara ya pili waliniita Nairobi nihojiwe. Walikuwa watatu. Mmoja, mama wa miwani, aliniuliza kwa nini mtu wa fizikia anadhani ataweza uinjinia. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri, nikaliacha. Nikawaeleza bomba lililopasuka.

"Na hiyo hewa, nani aligundua?" akauliza.

Nilifikiria kusema ni mimi. Kweli, Baba, nilifikiria. Hakuna ambaye angejua.

"Baba yangu," nikasema. "Alikuwa fundi wa maji kijijini. Aliishia darasa la saba."

Akaandika kitu. Kisha akauliza tuliiweka wapi ile vali, na kwa nini pale, na kama tungeongeza nyingine ingekaa wapi. Tulizungumza hayo kwa muda mrefu. Nilijibu vizuri, nadhani. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za jengo lao. Mbele yangu kulikuwa na tangazo ukutani, nikalisoma mara nyingi, na mpaka leo sijui lilisema nini.

Mama hakufurahi. Aliuliza, "Kazi ya kudumu ndiyo unaiacha hivyo?" Nikamweleza ni likizo ya masomo, nafasi yangu itanisubiri, ingawa mshahara utasimama. Akanyamaza siku nne. Siku ya tano alinipigia mapema, kabla ya kukamua. "Babako angekubali kabla hujamaliza kusema," alisema. "Mimi nimechelewa siku nne tu. Nenda." Akakata simu kabla sijajibu.

Jana nilipanda kile kilima na Mama Saru. Nilimwonyesha jinsi ya kufungua vali na kuisafisha vumbi, akafanya mwenyewe mara tatu nikimtazama. Hakunisifu. Aliniuliza tu nitarudi lini, nikamwambia baada ya miaka mitatu, akasema ni mingi.

Jumatatu naondoka. Sitapita kaburini kwanza. Ukungu ni mwingi huko juu wiki hii na njia inateleza, nawe hukupenda mtu ahatarishe mguu wake kwa heshima tu. Desemba nitakuja, nikae na Mama.

Lala salama, Baba. Nitakaokaa nao darasani nimewazidi miaka kumi, na wengine watadhani mimi ndiye mwalimu. Nakuahidi hivi: nitakaa mbele, na kila nisipoelewa nitainua mkono.

Bintiyo,
Wakesho