Risiva ya Spika za Baba

Jumatatu, 25 Novemba 1996

Nimekamua ng'ombe, nimepika uji, nimefagia. Mvua. Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne siku zote zinafanana.

Baba ameangalia tena kanda ya harusi ya kaka Eliudi. Anaangalia tu, hasikii. Televisheni aliyotuletea kaka ina spika ndogo inayosemea puani, na masikio ya Baba yaliharibiwa na msumeno wa mbao, miaka ile yote aliyofanya kazi upande wa Kifanya. Siku ya harusi alikuwa anaumwa mguu. Mama alikwenda Arusha peke yake.

Kaka anaposimama kutoa hotuba Baba husogeza kiti mpaka magoti yanagusa kioo.

"Hapa anasema nini?"

"Anakushukuru!" Mama anapiga kelele. Kila mara jibu ni hilo hilo. Hotuba yenyewe ni ndefu. Mimi nimeisikia. Ndani yake kuna maneno ambayo mtu hawezi kumpigia mwenzake kelele sikioni.

Na mimi ndiyo kabisa hanisikii. Sauti yangu ni ndogo, hata shuleni walimu walilalamika. Mimi na Baba tunazungumza kwa mikono, kama watu walioko ng'ambo mbili za mto.

Jumatano, 27 Novemba

Baba ameamua. Fedha ya viazi vya msimu huu itanunua amplifaya, ile yenye redio ndani ambayo wenyewe wanaiita risiva. Tutaiunganisha na spika zake mbili.

Spika hizo ni za mbao, zinanifika kiunoni. Kiwanda chao cha mbao kilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakapunguzwa, mhandisi mgeni aligawa vitu vyake kabla hajaondoka. Wenzake Baba walichukua viti na matoroli. Spika hazikutakiwa na mtu, akachukua yeye. Hazijawahi kusema neno humu ndani. Mama ameweka maua juu yake.

"Huruma ndiye atakayechagua," Baba alisema. "Amesoma fizikia."

Nikasema siwezi. Hakusikia.

Nimezigeuza, nikazimulika nyuma kwa tochi. Karatasi inasema om, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, lakini doa la vanishi limekaa juu ya tarakimu. Nadhani ni 8. Inaweza kuwa 4. Ikiwa ni 8, mashine nyingi zinafaa. Ikiwa ni 4, mashine ya bei yetu itasukuma umeme mwingi kuliko nguvu zake, itapata moto na kuungua. Fedha ni ya mara moja. Viazi havitavunwa tena mpaka mwakani.

Nilikwenda kwa fundi redio anipimie. Amefunga. Yuko Bulongwa hospitalini, anamuuguza mama yake. Kipimo kimefungiwa ndani.

Naogopa.

Jumamosi, 30 Novemba

Mama ameanza kufuma kitambaa cha risiva kabla risiva haijapatikana. Uzi mweupe, ua jekundu katikati. Nyumbani kwetu kila kitu kina nguo yake: redio, jagi, migongo ya viti, televisheni. Anasema chombo kisichofunikwa ni kama mtoto asiye na mama.

Baba mdogo amefika kutoka Ludewa, akalala. Yeye anataka tununue yenye taa zinazocheza. "Sauti ni wati, mwanangu. Angalia wati, mengine ni ya vitabuni."

Nilitaka kumweleza kuhusu om. Nikanyanyua sahani nikaenda kuosha.

Jumanne, 3 Desemba

Makambako. Miguu inauma, kichwa kinauma. Niandike yote.

Mimi na Baba tulipanda lori la viazi, mbele na dereva, spika moja nyuma imefungwa blanketi. Wazo la kuibeba lilikuwa langu. Tangu Njombe mpaka Makambako nilijuta. Tulipoingia dukani watu wote waligeuka.

Mwenye duka ni Bwana Shabani, mtu wa Kondoa. Aliangalia lile blanketi, akatusalimu kwa lugha ya kwetu kama ndugu. "Kamwene, wanyalukolo! Mmeniletea mgonjwa au marehemu?"

Baba alifungua blanketi bila kujibu, maana hakusikia.

"Aisee! Wenzenu huja kununua kiatu, ninyi mmekuja na mguu wenyewe."

Walicheka. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwamkia, nikasema ninachotaka. Akainama. "Binti, paza sauti. Hapa hatuuzi siri."

Zilizolingana na fedha yetu zilikuwa mbili. Ya kwanza mpya, inang'aa, taa zinapanda na kushuka, kwenye boksi imeandikwa wati elfu moja. Nikainyanyua. Nyepesi kama kopo la mkate. Ya pili imetumika, imetoka Dubai, nyeusi, uso umekwaruzwa, kitufe kimoja hakipo. Nzito, ilinilazimu kuikumbatia. Niliomba kuona mgongo wake. Bwana Shabani akasema tangu afungue duka hajaombwa mgongo. Nyuma imeandikwa spika zisipungue om 6.

Baba aliipenda yenye taa. Niliona macho yake. Nikatikisa kichwa. Kumkatalia baba yangu mbele za watu! Nikaomba zote mbili zijaribiwe kwa spika yetu.

Yenye taa ilipiga kelele kweli, lakini sauti ilikuwa inapasuka kama bati kwenye upepo. Baba alikunja uso. Hakusikia neno hata moja.

Ile nyeusi ilifunguliwa kwenye redio, matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma taratibu, sauti nene, mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. Mazishi yatafanyika Ludewa.

Baba akaruka. "Nani amekufa Ludewa?"

Duka zima lilicheka. Mimi machozi yalinitoka, nikajifanya nakunja blanketi. Alisikia. Jina zima la mahali, kutoka redioni. Tukanunua hiyo.

"Mzigo ukishavuka kizingiti changu haurudi," Bwana Shabani alisema, kwa upole lakini alisema. Njia nzima nilifikiria doa la vanishi.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeunganisha. Nyaya mbili za kila spika, nyekundu na nyeusi, na waya wa kutoka kwenye deki ya video. Maua ya Mama yamehamia dirishani. Redio imesema tangu mchana hadi jioni, haijakwama. Baba alisikiliza bei za mahindi za mikoa yote.

Nilitaka tuweke kanda. Amekataa. Salamu za mtoto aliyeoa hupokelewa mbele ya ndugu na majirani, siyo kwa kujificha kama mlevi. Baba mdogo atarudi Krismasi. Tutaiweka tarehe ishirini na sita, watu wakiwepo.

Kwa hiyo lazima mashine iishi mpaka siku hiyo.

Jumapili, 8 Desemba

Imezima.

Tulitoka kanisani. Mama alikuwa amemaliza kitambaa, akakitandika juu ya risiva, kikashuka pande zote, kizuri. Akafungua redio mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kwaya moja, mbili. Katikati ya wimbo wa tatu, kimya. Taa ya chumbani inawaka, kwa hiyo siyo umeme. Mashine tu.

Baba alinitazama. Hakunilaumu. Ingekuwa bora anilaumu.

Jioni niliijaribu, ikawaka. Sikufurahi. Om 4. Nilisoma vibaya. Nimechoma viazi vya mwaka mzima.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo imefanya kazi siku nzima. Sielewi. Kitu kilichoharibika kinapaswa kuharibika. Mama amekifua kitambaa na kukitia wanga. Amekikunja, anasema sasa ni cha siku ya wageni.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimesoma daftari la fizikia lote. Halisemi kwa nini mashine ife Jumapili na kufufuka Jumatatu. Fundi bado yuko Bulongwa. Mke wake anasema mgonjwa hajambo kidogo. Nikashukuru Mungu kwa ajili ya mgonjwa, halafu nikaona aibu kwa sababu nilikuwa nafikiria kipimo.

Jumatano, 18 Desemba

Mama amealika kina mama wa kanisani. Wote. Sikuweza kula.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Pilau. Baba mdogo amefika. Ameizunguka risiva, akaguna. "Mbona haina taa?"

Baba amenyoa ndevu leo kwa ajili ya kesho. Nimemwona kwenye kioo anajaribu uso wa kusikiliza.

Mungu wangu, isizime. Nikose hata kidato cha tano, ila isizime.

Alhamisi, 26 Desemba

Wamekuja watu mpaka wengine wakakaa kwenye mikeka. Baridi ya mvua, madirisha yamefungwa. Mama alitandika kile kitambaa, kimenyooka kwa wanga. Kina mama walikishika, wakasifu ua. Alifurahi sana. Baba alikaa mbele, katikati ya spika mbili, kofia mkononi.

Kanda ikaanza. Maandamano, vigelegele, bendi. Baba alisikia matarumbeta, akapiga mguu ule mbovu sakafuni. Mama alikuwa anawataja watu. Mimi nilikuwa karibu na mashine, nahesabu pumzi zangu.

Kaka akasimama. Akashika kipaza sauti. "Wazazi wangu, wageni waalikwa…"

Baba alisikia. Niliona midomo yake inafuata: wazazi wangu.

"Baba yangu hayupo hapa leo. Nataka niseme jambo juu ya baba yangu."

Kimya.

Kaka aliendelea kusema kwenye picha, mdomo tu. Baba akageuka kwangu. Watu wote wakageuka kwangu.

"Nilisema mimi," Baba mdogo alimwambia Baba. "Kaka, nilisema taa!"

Nilibonyeza. Hakuna. Nikaweka mkono juu ya kitambaa, nikainama nichungulie nyaya za nyuma. Kitambaa kilikuwa cha moto. Moto kama kile tunachofunikia chapati. Nikaingiza vidole chini yake nikagusa bati la juu, limejaa matundu ya kutolea joto, yote yamezibwa na wanga na ua jekundu. Nikakumbuka. Jumapili kilikuwapo. Jumatatu kilikuwa kwenye beseni. Dukani hakikuwapo. Siku nzima ya tarehe nne hakikuwapo.

Mama alikuwa amekaa na kina mama wake wote. Nilimtazama. Nilijua nikisema nitamwaibisha. Nilijua nisiposema Baba ataamini kwamba sauti ya mtoto wake imekufa.

"Mama, ondoa kitambaa!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Watoto kwenye mkeka waliruka.

"Kinaiziba pumzi! Kitambaa ndicho kinachoizima!"

Na Baba, ambaye hajawahi kunisikia nikisema kitu bila mikono, akauliza, "Kitambaa kinafanya nini?"

Akanyanyuka mwenyewe. Akakivua kama mtu anavyomvua mgonjwa shuka, akamkabidhi Mama. Mama hakuniangalia.

Tulingoja mashine ipoe. Nikafungua dirisha. Kina mama wakaimba nyimbo mbili ili kuficha ukimya, na mmoja akasema nyumbani kwake pia redio huzima, kumbe ni kitambaa. Nikabonyeza. Ikawaka. Nikarudisha kanda nyuma.

"Baba yangu hayupo hapa leo. Nataka niseme jambo juu ya baba yangu. Watu humwita kiziwi. Mimi najua masikio yake yalipo. Yamebaki kwenye msumeno, na badala yake mimi nilipata ada. Kila ninachokisikia darasani na kazini, nakisikia kwa masikio ya baba yangu."

Sauti ilijaa chumba. Nilihisi sakafu. Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Baba alisema kwa Kibena neno moja la kuitika, lile la mtu anayeitwa kutoka mbali. Halafu akavaa kofia, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Alikaa huko muda mrefu. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Ijumaa, 27 Desemba

Mama hazungumzi na mimi. Ameosha vyombo vya jana peke yake. Kitambaa sijakiona. Kitu kibaya zaidi ni kwamba kilikuwa kizuri.

Baba ameweka hotuba mara tatu. Mara ya tatu Mama alikaa naye.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua imeacha, ukungu tu. Fundi amerudi kutoka Bulongwa na mama yake, mzima. Amepima spika. Ni 8. Nilifurahi kidogo, kama kwa habari ya mtu wa mbali.

Baada ya chakula Baba alinipa Biblia, akaonyesha Zaburi ya leo, akasogeza kiti. Sikutumia mikono. Nilisoma kwa sauti ile ya siku ile, si yote, nusu yake. Alinirudisha mahali pawili. Mahali pengine alisikia.

Nilipoingia chumbani nimekuta kitambaa juu ya sanduku langu la shule. Kimefuliwa, kimepigwa pasi, hakina wanga. Nimekwenda jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu kingine, nikakaa.

Risiva iko uchi mezani. Inasema taratibu.