Kikombe cha Poire cha Papa Murhula

Bagira, siku ya posho, Jumamosi

Yaya Eulalie,

Bagira yote, hakuna mutu wa bahati kama mimi ndugu yako mudogo! Ile likeri ya poire, pombe kali ya tunda la peasi, uliyotuma toka Ubelgiji, wakwe walimaliza chupa nzima, na Larissa binti yangu ataolewa mwezi wa nane. Mama Larissa anakusalimia. Mvua iko mingi.

Nilimimina kama garson wa hoteli kubwa, mu vikombe vidogo, harufu ya tunda ikajaa salon. Papa Murhula, baba ya kijana, alinusa, kisha akanirudishia kikombe.

"Onja kwanza, mwenye nyumba."

Unajua desturi yetu: mwenye kugawa pombe anatangulia kuonja, wageni waone haina sumu. Lakini nilikuapia wewe kwamba pombe sitagusa tena, na nilisikia haya kusema vile mbele ya wakwe. Nikaleta mizaha yangu.

"Kunywa tu, muzee! Ukikufa, sanduku nitanunua mimi!"

Hakuna aliyecheka. Papa Murhula aliweka kikombe juu ya meza, akavaa kofia. "Tutoke," aliambia watu wake. Hata nyama hawakugusa.

Larissa hanisemeshi tena. Yaya, kama ningeonja tone moja tu ku ulimi, ungenisamehe, si ndiyo?

Basi ile bahati niliyokuandikia, futa. Wakwe hawakukunywa. Harusi hakuna. Nilikudanganya.

Mudogo wako,
Aloys