Nilivyompima Mkwe

Msamala, Songea

Mdogo wangu Odilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Namtumbo, goti limepunguza maumivu, na tumbaku mmeshaitoa kwenye mabani ya kukaushia. Sisi hatujambo. Mafua yaliyomlaza Fortunata yamemwacha, na mahindi ya kutufikisha mavuno tunayo. Leticia je, anaendeleaje? Nimemuulizia mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hunihurumia haraka, nami hupenda kuhurumiwa.

Unakumbuka kwamba watu wa Remmy walipotaka kuleta posa, ulinikabidhi mimi niwapokee hapa mjini, kwa kuwa ni mjomba wa binti na, kama ulivyosema, msomi wa mambo ya watu. Kijana alikuja na mshenga wake, Mzee Kajetani. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, macho sakafuni. Nilipomuuliza kilichomvuta kwa Leticia, alimtazama Kajetani, naye Kajetani akajibu kwa niaba yake. Fortunata alipotenga ugali na kuku, kijana alisema ameshiba, ingawa Kajetani alimtania kwamba tumbo lake lilikuwa likipiga ngoma tangu wanatoka Lizaboni.

Wajua nilichokuwa nikifundisha pale chuo cha ualimu. Wako wanasaikolojia wanaosema akili ina kazi nne, mbili za kupokea habari na mbili za kuamua. Wewe ukiingia jikoni mwa mtu, kwanza unaona sufuria, moshi, chumvi iliyomwagika. Hiyo ni kazi ya milango ya fahamu. Fortunata akiingia humo humo anahisi tu kwamba wenye nyumba wamegombana, wala hawezi kusema amejuaje. Katika kuamua, mmoja hupima sababu, mwingine hupima jambo litawagusaje watu. Tena kila kazi yaweza kuelekea nje, kwa wenzetu, au ndani, kwetu wenyewe. Kila mtu ana ile anayoitanguliza, na kutokana na hiyo husemwa ni mtu wa aina gani.

Basi nami nikampanga Remmy kabla hajafika getini kurudi kwao. Mtu wa ndani, mpima sababu, hisia kaziweka mkiani. Nikamwona Leticia, anayecheka hata na mgeni aliyepotea nyumba, akizeeka na mwanamume aliyefungwa kama kabati.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Lizaboni kwenye msiba wa Mzee Otto, jirani ambaye Remmy alikuwa akimwita babu. Niliingia kwa uani, nikasikia kicheko. Remmy, kwa utani wa mjukuu, alikuwa amevaa koti la marehemu na kumwigiza, anachechemea na mkongojo wake, akimlalamikia mjane, Bibi Aurelia, kwamba amemvumilia mke asiyejua kutia chumvi na sasa anakwenda kutafuta mpishi huko mbele. Bibi Aurelia, aliyekuwa hajagusa hata maji tangu asubuhi, akamwambia aende upesi, ila akifika asikorome, atawaamsha malaika. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Papo hapo Remmy akaacha mchezo, akachuchumaa, akamshikia kikombe cha uji mpaka akanywa. Hakuna aliyemwelekeza.

Kisha akaniona. Koti likavuliwa mara moja. Akasogea ukutani, macho chini, na shikamoo yake ikatoka nyembamba vilevile kama siku ile sebuleni kwangu.

Odilia, sikuwa nimeiona haiba yake hata kidogo. Nilikuwa nimeiona heshima yake. Mtu hali mbele ya mkwe, hapigi soga naye, hamkazii macho, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mkwe. Mumeo Rupert alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba asikutane na mama, na leo ana kelele kuliko mashine ya kusaga. Nilikuwepo, nilijua. Wanachuo wangu niliwafundisha kwamba mtu hupimwa akiwa huru. Mimi nilimpima aliyefungwa na adabu, adabu tuliyolelewa nayo wewe na mimi, nikaiita ubaridi.

Kama kosa lingeishia hapo, ningekupigia simu. Nilikuambia kwamba upande wa kijana ulikaa kimya, tukakubaliana kwamba labda amepata mwingine. Si kweli. Kajetani alirudi kuchukua jibu, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba binti hataki, wasisumbuke tena. Nilijua nikikuambia ukweli utamuuliza Leticia, na Leticia angenipinga, nami sikutaka kupingwa na mtoto katika jambo nililolifundisha maisha yangu yote. Mwanao analia kwamba ameachwa, wala hakuachwa. Na uliponipigia kusema hali chakula, nilimwomba aje kwenye simu, nikamweleza kwa upole jinsi wanaume wa aina ile wanavyogeuka. Alinishukuru, Odilia. Shukrani ile ndiyo inayonikosesha mahali pa kuuweka uso wangu.

Nilikwenda kwa Kajetani nikamwambia yote. Hakunifokea. Alisema Remmy hajaposa kwingine, lakini wao hawawezi kuurudia mlango waliofungiwa mpaka wenye nyumba wawaite, na safari hii wanataka neno la binti mwenyewe, si la mjomba.

Kwa hiyo msomee Leticia barua hii yote, usimpunguzie. Akimtaka, mdogo wetu Hironimus awapokee wageni; mimi sistahili kile kiti. Asipomtaka tena, au asiponitaka mimi, nitapokea, wala sitaeleza neno.

Msalimie shemeji Rupert na wote wa hapo. Fortunata anawasalimu. Mungu awatunze.

Ni mimi kaka yako,
Marcelino