Uzi wa Kupimia Puli

Kakuma, 20 Aprili 2013

Kaka Mou,

Sisi wazima, na Mama anauliza kama huko Juba unapata maziwa. Uliniambia mhandisi wa mitambo anahitaji hesabu na michoro. Kuna kingine hukukitaja.

Leo fundi Gitau, mwenye mashine ya kusaga mahindi, alikuwa aamue kama atanichukua kujifunza kazi. Alifunga mkanda mpya. Nilinyoosha uzi wangu wa kupimia nikaona puli mbili, yale magurudumu yanayozungusha mkanda, hazijalingana, lakini unanijua, nikanyamaza. Mashine ilipowashwa, mkanda uliruka ukaangusha beseni la unga.

"Yar, uliona?" fundi akaniuliza.

"Niliona."

"Ukanyamaza! Ulikuwa unaniombea dua?"

Akina mama kwenye foleni walicheka sana. Fundi aliufunga mkanda tena, akanyoosha mkono kuwasha. Puli moja bado ilikuwa imepinda.

"Ngoja, fundi! Imepinda!" Nilipiga kelele hata mbuzi wa jirani wakageuka.

Alipima kwa uzi wangu, akairekebisha. Mashine ikanguruma vizuri.

"Jumatatu uje na uzi," akasema. "Na hiyo sauti."

Nitakwenda, kaka. Nyumbani bado nanong'ona.

Dada yako mwenye unga kichwani,
Yar