Ukuta wa Ndiga

Mama,

Salamu nilikuletea Ijumaa pale makaburini. Leo nakuletea hasira, maana hapa nyumbani hakuna anayetaka kuzisikia.

Seleman amepiga saruji ukuta wako. Ule wa jikoni, uliouchora mimea ya porini tangu mimi sijaota meno: mabungo na makwakwa kwa udongo mwekundu, ming'oko kwa mkaa, mlenda kwa maji ya majani. Nilikuwa nimekwenda Kibiti kununua vitu vya khitma yako. Narudi, nakuta fundi anaosha mwiko na mwanao anatabasamu. "Dada, wageni wa Dar wanakuja. Wakute nyumba ya mama imechorwachorwa kama chekechea?" Eti amekupa heshima. Nililia mpaka akadhani nashukuru.

Ningenyamaza, Mama. Wallahi ningenyamaza. Lakini mvua zimegoma, mpunga umekauka bondeni, na juzi mkewe Seleman karudi kutoka porini na kikapu cha ndiga, vile viazi vya porini. Kwamba ndiga ni sumu isipolowekwa, hilo sote tunalijua. Tulikata vipande, tukakwama. Tuloweke siku ngapi? Wewe hukuwa unasema. Ulikuwa unanyoosha kidole ukutani, chini ya yale majani matatu ya ndiga, kwenye mistari ya maji: mmoja kwa kila usiku wa kuloweka. "Hesabuni wenyewe, mna macho," ulitujibu, umeng'ata kile kijiti chako cha kuchorea. Tukahesabu, tukaloweka, tukala, tukasahau. Nani anakariri kitu kilichopo ukutani kwake?

Seleman akasema mistari ilikuwa mitatu. Mkewe akasema zaidi. Mimi nikaiona kama mitano, kisha nikaona sivyo. Tulibishana hadi watoto wakaishia kunywa uji mtupu. Mwisho nikaitupa yote shimoni, kikapu kizima, na njaa hii! Seleman akabaki anaupapasa ukuta wake wa saruji. Sikumhurumia. Bado simhurumii.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ungetamka mara moja tu, Mama. Mara moja.

Halafu nikamkumbuka mama mdogo Mwanaidi, kule Salale. Ulimchorea jiko lake alipojifungua mtoto wa kwanza. Nimempigia simu, anasema moshi umekula nusu ya ukuta, ila ndiga ipo, majani yake na maji yake. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kuhesabu hawezi. Nimemwambia asiruhusu fundi yeyote kukanyaga uani kwake mpaka nifike.

Kesho nashuka Nyamisati kupanda boti ya Salale. Lala, mama yangu, Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi nitaweka kidole juu ya kila mstari. Nikirudi nitauchora mmea wako kwa mkaa katikati ya saruji ya Seleman, binti zangu wakiangalia. Akipaka rangi juu, nitachora tena. Na idadi nitaitamka kwa mdomo, kila siku, mpaka wanichoke.

Mwanao,
Zainabu