Zabibu Zako Zimeliwa Zuzu

Shikamoo Bibi,

Hapa kijijini Zuzu mchana unapita kama ndoto: upepo, vumbi, treni ikilia mbali. Mwenyeji wangu, Mama Neema, amenikalisha barazani tucheze karata, mchezo wa ishirini na moja, na dau ni zabibu nilizokununulia sokoni. Nikipata ishirini, yeye anafunua ishirini na moja. Nikiongeza karata, napitiliza.

“Si ungetulia, mwanangu!” ananiambia, huku anatafuna zabibu yako.

Zimekwisha zote, Bibi, na bado namwomba agawe tena, maana akishinda anacheka kama ulivyokuwa ukicheka ukimfunga marehemu Babu. Karata zenu ziko juu ya kabati. Zishushe, uzifute vumbi. Nakuja kufungwa na wewe.

Mjukuu wako,
Salumu